Nyuzi za neva zinazorudi ndani: anza na seramu, kisha vimeng'enya vya lipidi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Mombasa na kazi yangu ni ya seli za SH-SY5Y, zile za neuroblastoma (saratani ya neva) ya binadamu. Naziwekea asidi ya retinoiki mikromola 10, na baada ya siku tatu hivi huanza kutoa nyuzi nzuri. Shida ni kwamba nikibadilisha midia (maji ya kukuzia seli) nyuzi hurudi ndani, mara nyingine hata kabla sijatoka maabara. Msimamizi wangu ameniambia nitazame lipidi na vimeng'enya vyake. Nilivyofundishwa mimi, lipidi ni utando wa seli na akiba ya nguvu. Inakuwaje mafuta yaiambie seli iwe neva? Na nikiongeza mafuta ya samaki kwenye midia, si zitakomaa zaidi?"

Marahaba. Nianze na hizo nyuzi, maana sababu inayozirudisha ndani ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko kitu kingine chochote jinsi mafuta yanavyoiamuru seli.

Kabla ya kuilaumu lipidi yoyote, hakikisha mambo mawili. Midia uliyoitoa kwenye friji na kuimimina ikiwa bado baridi hubomoa vijibomba vya tubulini vinavyoshikilia uzi kutoka ndani, na uzi hunywea. Na midia yenye bikaboneti ikikaa nje ya inkubeta, hewa ya kaboni huitoka, rangi huelekea zambarau na pH hupanda. Seli hazikupendi kwa hilo. Basi ipashe midia hadi nyuzi joto 37, na chupa iliyofunguliwa ikae ndani ya inkubeta kifuniko kikiwa kimelegezwa mpaka rangi irudi kuwa nyekundu ya chungwa. Kama mtungi wa gesi ya kaboni unakaribia kwisha, au stima imepotea usiku na inkubeta ikapoa, matokeo ya siku hiyo usiyahesabu.

Ikiwa joto na pH viko sawa na nyuzi bado zinarudi, mshukiwa wa kwanza ni seramu mpya unayoileta, yaani maji ya damu iliyoganda yanayotiwa kwenye midia kulisha seli. Ndani ya damu mna kimeng'enya kiitwacho ototaksini. Kiligunduliwa mwaka 1992 kwenye midia ya seli za saratani ya melanoma, kikijulikana tu kama kitu kinachozifanya seli zitembee. Mwaka 2002 ndipo ilipofahamika kwamba kazi yake halisi ni kukata kolini kutoka kwenye lisofosfatidilikolini, na kinachobaki ni asidi ya lisofosfatidi, LPA. Damu ikiganda LPA huongezeka sana, ndiyo maana seramu inayo kwa kiwango cha mikromola, ilhali vipokezi vyake juu ya seli huitika kwa nanomola. Ukizimua seramu mpaka asilimia 10, bado umeleta LPA ya kutosha kabisa.

LPA ikishika kipokezi chake, hasa kile cha kwanza, LPA1, protini za G12 na G13 huiamsha RhoA, protini iliyo kama swichi, RhoA huiamsha kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti) ya ROCK, na ROCK huikaza mayosini, protini inayovuta, juu ya nyuzi za aktini. Mwili wa seli unajikunja, uzi unavutwa ndani. Haya huchukua dakika chache, kwa hiyo unayoyaona kabla hujatoka maabara yanalingana kabisa na njia hii. Kwenye SH-SY5Y zenyewe imeonyeshwa pia kwamba LPA inaporudisha nyuzi, protini ya tau huongezewa fosfeti, na tau ndiyo inayoimarisha vijibomba nilivyovitaja. Yaani uzi unavutwa kuelekea mwili wa seli na huku nguzo zake za ndani zinalegezwa.

Wengi hudhani wakiipasha seramu nyuzi joto 56 kwa dakika 30 wameisafisha. Hatua hiyo huua protini za komplementi, zile za kinga zilizomo kwenye damu. LPA ni lipidi, haifi kwa joto hilo. Tena seramu ikikaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa nyingi, ototaksini iliyomo huendelea kuzalisha LPA zaidi. Katika maabara zetu za Pwani, chumba kikiwa na nyuzi 30 mchana na kiyoyozi kimezimwa, chupa ya seramu iliyosahaulika mezani kuanzia asubuhi si ileile tena ifikapo jioni. Iyeyushe usiku ndani ya friji, igawe kwenye mirija ya mililita 50 au chini, na unaotumia uurudishe baridini mara moja. Seramu iliyochujwa kwa mkaa ina lipidi kidogo, lakini mkaa huondoa pia homoni na retinoidi (jamii ya asidi ya retinoiki), kwa hiyo usiichukulie kuwa ni seramu ya kawaida iliyopunguziwa LPA peke yake.

Sasa jaribio la kuthibitisha. Chukua sahani ya visima sita yenye seli za siku ya tano, nyuzi zikiwa zimeshatoka. Kisima cha kwanza kibadilishie midia isiyo na seramu. Cha pili weka midia yenye seramu asilimia 10. Cha tatu weka hiyohiyo ya asilimia 10, lakini nusu saa kabla uwe umetia kizuizi cha ROCK, Y-27632, mikromola 10, na kwenye midia mpya pia kiwemo. Cha nne fanya vivyo hivyo kwa Ki16425, mikromola 10, ambayo huziba LPA1 na LPA3. Cha tano weka midia isiyo na seramu pamoja na LPA halisi, mikromola 1, ikiwa imebebwa na albumini isiyo na asidi za mafuta ya asilimia 0.1. Cha sita albumini hiyo peke yake. Piga picha sehemu zilezile kabla ya kuanza, kisha dakika ya 10, ya 30 na ya 60.

Namna ya kusoma majibu ndiyo muhimu. Kisima cha pili kikipoteza nyuzi na cha tatu kikazihifadhi, njia ni RhoA na ROCK. Cha nne kikizihifadhi pia, basi LPA ndiyo mwenye kosa. Cha nne kikizipoteza huku cha tatu kimezihifadhi, usiseme jaribio limeharibika: seramu ina pia trombini (kimeng'enya cha kugandisha damu) na lipidi ya sfingosini-1-fosfeti, na zote mbili zinaweza kupita njia hiyohiyo ya RhoA kwa vipokezi vyao. Ikiwa hata kisima cha kwanza kimepoteza nyuzi, rudi kwenye baridi, pH, na nguvu unayotumia kumimina. Pipeti iegemee ukuta wa kisima, midia iteremke polepole, na badilisha nusu tu badala ya kuimwaga yote.

Tatizo la kila siku, suluhisho lake ni ratiba. Panda seli takriban 10,000 kwa kila sentimita ya mraba. Kisima kimoja cha sahani ya visima sita kina karibu sentimita 9.5 za mraba, kwa hiyo ni seli 95,000 hivi. Zikibanana zaidi ya hapo huendelea kugawanyika na hutaona uzi wa nani ni upi. Ziache siku moja kwenye seramu asilimia 10 zishike, kisha zishushe hadi asilimia 2.5 na asidi ya retinoiki, siku ya tatu asilimia 1. Baada ya siku tano za retinoiki, zioshe taratibu mara mbili na uzihamishie kwenye midia isiyo na seramu yenye BDNF, protini ya kukuza neva, nanogramu 50 kwa mililita. Utaratibu wa asili wa retinoiki kisha BDNF, ulioenea tangu mwaka 2000, uliacha seramu katika hatua ya kwanza na ukaitoa yote katika ya pili. Kushusha mapema ni kwa ajili ya tatizo lako hili.

Mpangilio huo usiugeuze. Seli hizi kabla ya retinoiki karibu hazina TrkB, kipokezi cha BDNF, na BDNF bila TrkB ni pesa iliyomwagwa. Retinoiki ndiyo inayowasha jeni ya TrkB. Na usiondoe seramu yote siku ya kwanza ukidhani unaharakisha, maana utapata seli nyembamba zenye nyuzi ndefu zinazokufa siku ya nne, na chini ya hadubini mfano huo unafanana sana na kukomaa.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili linapoanzia, kwa sababu asidi ya retinoiki yenyewe ni lipidi. Inatokana na vitamini A. Retinoli hugeuzwa retinaldehaidi, kisha vimeng'enya vya familia ya ALDH1A huigeuza kuwa asidi ya retinoiki. Ikishatengenezwa hupenya hadi kiini cha seli na kushika vipokezi vya RAR, vilivyoshikamana na RXR juu ya DNA yenyewe. Kule kwenye kiinitete, uti wa mgongo na ubongo wa nyuma hupimiwa kiasi cha lipidi hii kwa mizani ya vimeng'enya: ALDH1A upande mmoja inazalisha, CYP26 upande mwingine inavunja, na seli hujua iko wapi kutokana na kiasi inachokipata. Kwa sababu hii dawa ya chunusi ya isotretinoini ni marufuku kwa mjamzito, na kwa sababu hiyohiyo mwenzako mjamzito asipime unga wa asidi ya retinoiki wala kuuyeyusha. Naomba hili ulichukue kwa uzito, hata kama maabara yenu haijabandika onyo mlangoni.

CYP26 inakuhusu moja kwa moja. Retinoiki ikiingia, seli huwasha jeni ya CYP26A1 na kuanza kuila dawa uliyoipa. Kwa hiyo ongeza retinoiki mpya kila saa 48. Ukiacha siku nne, nusu ya pili ya muda huo seli zako hazina kitu. Akiba tengeneza hivi: miligramu 3 kwa mililita 1 ya kiyeyushi cha DMSO ni milimola 10, kisha mikrolita 1 kwa kila mililita ya midia hukupa mikromola 10 na DMSO asilimia 0.1. Mwanga huigeuza umbo na hewa huioksidisha, basi izime taa ya kabati la usalama, funga mirija kwa karatasi ya alumini, igawe kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja, na uviweke nyuzi -80. Kichupa kilichoyeyushwa usikirudishe. Na daima uwe na kisima cha DMSO asilimia 0.1 bila retinoiki, kwa sababu DMSO peke yake, ikizidi, hubadilisha baadhi ya seli za neuroblastoma.

Sasa lipidi za utando. Ulivyofundishwa si uongo, ila ni nusu. Ndani ya nazi mna tui, lakini hulipati mpaka ukune na ukamue. Ujumbe uliomo kwenye utando pia haufanyi kitu mpaka kimeng'enya kiutoe. Lipidi ndogo iitwayo PIP2 ni takriban asilimia 1 tu ya fosfolipidi za utando wa nje. BDNF ikishika TrkB, au jamaa yake NGF ikishika TrkA, kipokezi huita kimeng'enya fosfolipasi C ya aina ya gama, nayo huikata PIP2 vipande viwili. IP3 huenda kufungua kalsiamu, na diasilgliseroli, DAG, hubaki ndani ya utando ikiita kinasi C. Kimeng'enya kingine, kinasi ya PI3K, hakikati PIP2 bali huiongezea fosfeti moja ikawa PIP3, na kimeng'enya PTEN huiondoa fosfeti hiyo. Katika neva changa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, PIP3 hukusanyika kwenye ncha ya uzi mmoja kati ya kadhaa, na uzi huo ndio unaokuwa aksoni, uzi mrefu wa kupeleka ishara. Ukiizuia PI3K, neva hukaa na nyuzi fupi zinazofanana na haichagui.

DAG haiishii kwenye kinasi C. Lipasi za DAG, alfa na beta, huikata na kutoa 2-arakidonoilgliseroli (2-AG), ambayo hushika kipokezi cha CB1, kilekile kinachoshikwa na kemikali ya bangi, na wakati wa kukua kwa ubongo njia hii husukuma aksoni mbele. Panya wasio na lipasi ya DAG ya alfa huzalisha neva mpya chache utu uzimani. Kwa hiyo lipidi moja tu, PIP2, inaweza kuishia kuwa ishara ya kalsiamu, ya kinasi C, ya PIP3 au ya 2-AG, na seli husikia jambo tofauti kila mara kulingana na kimeng'enya kilichofika kwanza, mahali kilipo, na muda kinaokaa. Msimamizi wako alikuwa na haki kukuelekeza kwa vimeng'enya. Kuorodhesha lipidi bila kujua nani anazikata hakutakupa jibu.

Muda nao ni sehemu ya ujumbe. Seli za PC12, zilizotokana na uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya na kuelezwa mwaka 1976, zikipewa EGF, protini inayochochea seli kugawanyika, huwasha kinasi ya ERK kwa muda mfupi kisha zikaendelea kugawanyika. Zikipewa NGF, nanogramu 50 hadi 100 kwa mililita, ERK hubaki imewaka kwa saa nyingi, nazo hutoa nyuzi. Njia ya kwanza kabisa ni ileile, Ras na ERK. Kinachotofautiana ni kipokezi kinakaa wazi kwa muda gani.

Kama unatafuta kimeng'enya cha kujengea tasnifu, mimi ningekuelekeza kwa GDE2. Mwaka 2005 maabara ya Shanthini Sockanathan, Johns Hopkins, ilionyesha kwenye viinitete vya kuku kwamba jeni hii huwashwa na retinoidi, na kwamba protini yake ni ya lazima na inatosha kuzifanya seli tangulizi za uti wa mgongo ziwe neva za misuli. Angalia ilivyo: hupita utando mara sita, na sehemu yake ya kimeng'enya iko nje ya seli. Kubadilisha asidi amino moja tu kwenye sehemu hiyo huiua kazi yote. Basi kazi yake inategemea ukataji, si uwepo wa protini tu.

Kwa miaka kadhaa haikujulikana inakata nini. Mwaka 2013 maabara hiyohiyo ilionyesha kwamba inakata nanga ya GPI, lipidi inayoshikilia baadhi ya protini kwenye uso wa seli, na protini inayoachiliwa ni RECK. RECK ikiwa imeng'ang'ania pale huizuia ADAM10, kimeng'enya kinachokata protini. Ikiondoka, ADAM10 huwa huru, huipogoa protini inayowasha kipokezi cha Notch, na seli jirani zilizokuwa zimeshikiliwa na Notch katika hali ya utangulizi huacha kugawanyika na kuanza kuwa neva. Ona jinsi ilivyo nzuri: neva iliyokwisha kuzaliwa inatumia kimeng'enya cha lipidi kuiambia jirani yake kwamba wakati wake umefika. Mwaka 2016 watafiti wa Amsterdam, katika kundi la Wouter Moolenaar, walionyesha kwamba katika neuroblastoma GDE2 huachilia glipikani-6, protini nyingine yenye nanga ya GPI, na kwamba uvimbe wenye GDE2 nyingi huendana na hali bora ya mgonjwa. Seli zako ni za neuroblastoma ya binadamu na unazipa retinoidi, kwa hiyo swali hili liko mezani pako tayari.

Kuipima hakuhitaji mashine ya mamilioni. Hamisha seli kwenye midia isiyo na seramu, kusanya midia hiyo, izungushe ili kuondoa seli zilizoelea, ikoleze, kisha tafuta glipikani au RECK iliyoachiliwa kwa bloti ya Western (kipimo cha kutambua protini kwa kingamwili). Kisima cha uthibitisho kipe fosfolipasi C ya bakteria, ile inayokata fosfatidilinositoli, kwa saa moja kwenye nyuzi 37: ikishindwa hata hiyo kuachilia protini, tatizo ni kingamwili yako au ukolezaji. Ukiingiza plasmidi (DNA ya kupandikiza) ya GDE2, weka pembeni ile iliyobadilishwa histidini ya 233 kuwa alanini, isiyokata. Na usisahau kwamba GDE2 hufika juu ya seli baada ya peroksiredoksini-1 kuvunja daraja la salfa ndani yake. Seli zilizochoka na kujaa oksidi zinaweza kuwa na GDE2 nyingi kwenye bloti huku kazi juu ya uso ni ndogo, kwa hiyo pima iliyo juu ya uso, si jumla tu.

Vizuizi vya kemikali vitumie kwa tahadhari. U73122 inayouzwa kama kizuizi cha fosfolipasi C hugusa mambo mengi, basi iambatane daima na U73343, mwenzake asiyezuia. LY294002 hugusa pia mTOR na kinasi nyingine. Wortmanini huharibika haraka ndani ya midia, na ukiitia asubuhi usitegemee jioni bado ipo. Kwa fosfolipasi D watu hutumia butanoli-1, ambayo kimeng'enya huishika badala ya maji na kutoa fosfatidilbutanoli pale ambapo ingetoka asidi ya fosfatidi. Ulinganisho wake ni butanoli ya tert, isiyoshikwa. Tokeo linalosimama juu ya kizuizi kimoja tu, bila cha pili chenye umbo tofauti au bila kuzima jeni, mtahini atalikataa, na atakuwa na haki.

Kuna kimeng'enya kingine ambacho sisi huku, tunakopuliza dawa za wadudu mashambani na majumbani, tunapaswa kukijua: NTE, inayosimbwa na jeni ya PNPLA6. Hukata asidi zote mbili za mafuta kutoka kwenye fosfatidilikolini. Baadhi ya ogano-fosfeti, jamii ya kemikali ambamo mna dawa nyingi za wadudu, huikamata, na wiki moja hadi tatu baadaye aksoni ndefu za miguu huanza kufa. Mwaka 1959 huko Meknes, Morocco, mafuta ya kula yaliyochanganywa na mafuta ya injini ya ndege yenye trikresili fosfeti yaliwapooza watu wapatao 10,000. Watu waliozaliwa na kasoro kwenye jeni hiyo hupata ukakamavu wa miguu wa kurithi. Ukiweka seli zako karibu na sampuli za viuatilifu katika kabati moja, fahamu kwamba hata dozi isiyoua inaweza kuzuia nyuzi kutoka.

Kupima lipidi zenyewe: simamisha vimeng'enya kwanza. Sahani ikae juu ya barafu, midia itolewe, methanoli baridi imiminwe mara moja. Kwenye meza ya joto la Mombasa, dakika tano za kuongea zinatosha kubadilisha LPA na DAG. Uchujaji wa klorofomu na methanoli wa Bligh na Dyer wa mwaka 1959 bado unafaa, ila tumia glasi, maana klorofomu huyeyusha plastiki na kuleta uchafu wake, na LPA hubaki kwenye tabaka la maji usipotia asidi kidogo.

Na usiamini picha peke yake. Hesabu kama uzi ule uliozidi mara mbili ya upana wa mwili wa seli, angalau seli 200 kwa kila hali, na anayehesabu asijue kisima ni kipi. Tubulini ya beta-III, alama ya neva inayotumiwa sana, imo kwenye SH-SY5Y hata kabla hazijakomaa, kwa hiyo haikuthibitishii kitu. Tafuta MAP2 (protini ya neva iliyokomaa) iliyoongezeka pamoja na Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) iliyopungua. Ukiona seli bapa, pana, zisizo na nyuzi zikizidi kuenea, hizo ni za aina ya S. Hushika sahani kwa nguvu na hustawi seramu ikibaki, na kadiri ukoo wa seli zako unavyogawanywa mara nyingi ndivyo zinavyotawala. Rudi kwenye kichupa cha mapema, chenye seli zilizogawanywa mara chache.

Mafuta ya samaki sasa. Usiyamimine. Mafuta ya kidonge ni triasilgliseroli au esta za ethili. Hayayeyuki kwenye midia, yataelea, na seli zako hazina njia nzuri ya kuyakata kutoka nje. Unachokitafuta ndani yake ni DHA, asidi yenye kaboni 22 na viungo 6 maradufu. Kwa mtu anayekula vibua au jodari, utumbo na ini hufanya kazi ya kuikata na kuipanga upya, na sehemu kubwa ya inayoingia ubongoni hupita ikiwa lisofosfatidilikolini kupitia protini ya MFSD2A, jambo lililoonyeshwa mwaka 2014. Sahani yako haina utumbo wala ini.

Ukitaka kuijaribu, nunua DHA huru, iyeyushe kwenye ethanoli chini ya nitrojeni, ishikishe kwenye albumini isiyo na asidi za mafuta kwa uwiano wa molekuli 3 kwa 1, na uitumie siku hiyohiyo. Anza na mikromola 1. Kiwango cha hapo kimeonyeshwa kurefusha nyuzi za neva za hipokampasi, lakini kuanzia makumi ya mikromola DHA huua seli za neuroblastoma, tena upesi zaidi seramu ikiwa kidogo, kwa kuwa viungo sita maradufu huoksidika na sumu yake haina cha kuishika. Viungo hivyo huanza kuharibika chupa ikifunguliwa, kwa hiyo ikinuka kama samaki aliyechacha itupe.

Albumini uliyoitumia kuibeba iwe pia, peke yake na kwa kiasi kilekile, kwenye kisima cha ulinganisho. Ile ya bei nafuu isiyosafishwa asidi za mafuta huja imebeba lipidi za damu, LPA ikiwemo, na itakurudishia nyuzi ndani hata kabla DHA haijaanza kazi. Ndiyo sababu nashauri jaribio la visima sita ulifanye wiki hii kabla ya kuagiza DHA. Miligramu 1 ya Y-27632 ukiiyeyusha kwenye mikrolita 312 za maji safi unapata akiba ya milimola 10, na hiyo inatosha zaidi ya mililita 300 za midia.